Kijana wa Suam anaiona kazi kila siku, ila nani atamwonyesha mlango?

Kijana wa Likoni hukua akitazama meli zikiingia Kilindini. Anajua siku ambayo bandari imejaa na siku ambayo imelala. Lakini muulize mtu huanzaje hadi akaketi juu ya kreni ile, na mara nyingi jibu huwa moja: "Ni lazima uwe na mtu wako ndani."

Ncha ya pili ya nchi, katika mpaka wa Suam, kijana mwenzake hujibu vivyo hivyo. Yeye hatazami meli. Anatazama malori ya mahindi, akina mama wanaovusha vitunguu na ndizi, mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani na maafisa wa serikali ndani ya ofisi mpya. Kazi iko mbele ya macho yake, na hajaambiwa mlango wake uko wapi.

Makala haya yanaeleza mlango huo. Tumechagua Suam, pamoja na miji ya Kitale na Bungoma inayoihudumia, kwa sababu hapo mambo yanaonekana wazi kuliko kwenye miji mikubwa. Sheria tutakazozitaja ni za Kenya nzima, kwa hivyo mzazi wa Kwale au Lamu atayakuta ya kwake humu pia.

Suam na kazi zake

Suam ni mji mdogo wa mpakani katika eneo la Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia, kaskazini mwa Mlima Elgon. Mto Suam ndio mpaka wenyewe. Ng'ambo ni Bukwo, na ukiendelea unafika Kapchorwa, Uganda. Wasabaot wa upande wa Kenya na Wasebei wa upande wa Uganda ni jamaa wa damu na lugha, na watu wamekuwa wakivuka tangu kabla ya mpaka kuchorwa.

Kwa miaka mingi barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika. Malori mengi ya Uganda yalipita Malaba na Busia, na Suam ikabaki njia ya wenyeji. Mwaka 2017 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kutia lami sehemu ya Kitale hadi Suam, kilomita 45 hivi, na ile ya Suam hadi Kapchorwa, kilomita 73. Mradi huo ulibeba pia kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maafisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja.

Nyuma ya mpaka kuna ghala la nchi. Trans Nzoia ni kaunti ya mahindi. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina makao yake Kitale, na katika mji huo huo watafiti walitoa mbegu chotara ya H611 mwaka 1964. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ina kituo chake Kitale hadi leo. Kuna ng'ombe wa maziwa, kuna misitu na Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, na kuna kahawa upande wa Bungoma. Bungoma pia ina mpaka wake mdogo wa Lwakhakha.

Kwa hivyo kusema kwamba "hakuna kazi huku" si kweli kabisa. Kazi zipo, ila chache ndizo zenye mshahara wa kila mwezi, na hata hizo chache hazijulikani zinaingiwa vipi.

Ushauri wa taaluma: ulikotoka na ulipofika

Swali la kijana afanye nini baada ya shule si geni Kenya. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Wakristo lilitoa ripoti mashuhuri iliyouliza swali hilo hilo, na kutokana nayo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo wengi bado wanaviita "polytechnic za kijiji". Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikuja na useremala, ufumaji na sayansi kimu hadi shule za msingi. Nia ilikuwa njema, lakini karakana na vifaa vilikosekana, mzazi akalipishwa mbao na vitambaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane.

Sasa tuko katika mtaala wa umilisi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10, yaani Sekondari Pevu, Januari 2026. Kabla ya hapo kila mmoja alitakiwa kuchagua mkondo kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Wale wa 8-4-4 waliobaki watafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027.

Hapo ndipo penye uzito. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaombwa achague mkondo, na mkondo huo ndio utakaoamua masomo yake ya miaka mitatu, kisha kozi atakazoweza kuomba. Mtoto wa Nairobi huenda ana mjomba mhandisi wa kumuuliza. Mtoto wa Endebess humuuliza mwalimu, na mwalimu huyo ana vipindi vyake, ana darasa kubwa, na pengine naye hajawahi kuingia kwenye maabara ya mbegu iliyo mwendo mfupi kutoka shuleni kwake. Matokeo yake ni kwamba mtoto huchagua kwa kufuata rafiki, au kwa jina la kazi linalosikika vizuri, au kwa kuwa shule iliyo karibu haina mkondo mwingine.

Kisheria, ushauri si hisani. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyounda KUCCPS, haikuipa idara hiyo kazi ya kugawa nafasi za vyuo peke yake. Iliipa pia kazi ya kuandaa mipango ya kuwaongoza wanafunzi kuhusu taaluma. Tovuti yake huonyesha kila kozi, chuo inakofundishwa na alama zinazohitajika. Shahada huhitaji C+ na diploma C-, na zipo kozi za ufundi zinazowapokea hata waliopata alama za chini kabisa. Aliyepata D hajafungiwa njia. Amefunguliwa mlango mwingine, lakini ni lazima mtu amwambie upo.

Uingereza walilitafakari jambo hili na mwaka 2014 wakaweka vigezo vinane vya ushauri mzuri wa taaluma shuleni, vinavyojulikana kwa jina la Gatsby. Ndani ya vigezo hivyo mna mazungumzo ya mwanafunzi mmoja mmoja na mshauri, mna kukutana na waajiri, na mna kufika mahali pa kazi. Somo lake ni jepesi: hotuba moja ya mgeni siku ya kufunga shule haitoshi. Wahenga wetu walishasema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Tajriba ya kazi: aina nne zisichanganywe

Tangazo la kazi likisema "mwenye tajriba ya miaka miwili", kijana hukata tamaa. Ataipata wapi tajriba ikiwa hakuna anayemwajiri? Jibu huanza kwa kutofautisha aina nne za tajriba, maana kila moja ina mlango wake.

*Kwanza, kutazama kazi.* Mwanafunzi hukaa siku moja hadi wiki moja na mtu kazini, akitazama na kuuliza. Halipwi, na wala hafanyi kazi nzito. Hii ndiyo inayomfaa mtoto wa Gredi ya 8 na 9 kabla hajachagua mkondo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake, kwa hivyo shule isimpeleke mtoto akabebeshwe magunia. Katika Sekondari Pevu kuna somo la lazima la huduma kwa jamii, na likitumiwa vyema linaweza kuwa njia ya kumfikisha mwanafunzi kwenye ofisi na karakana za kwao.

*Pili, mafunzo ya nyanjani*, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita atachimenti. Ni sehemu ya kozi ya chuo, na mara nyingi huchukua miezi mitatu. Mwanafunzi hujaza daftari la kila siku, msimamizi wa kazini hulitia sahihi, na mwalimu wa chuo huja kumkagua. Asipopata mahali, kozi haikamiliki. Kwa vyuo vya Kitale na Bungoma huo ndio mlango mwembamba kuliko yote, kwa sababu wanafunzi ni wengi na waajiri wakubwa ni wachache.

*Tatu, uanagenzi kwa fundi.* Kijana hujiunga na makanika, mshonaji au fundi wa kuchomelea vyuma, akajifunza kwa mwaka au zaidi. Mafundi wengi wa Kenya wamepita hapa. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hakuna maandishi: hakuna makubaliano ya mwanzo, na mwishoni hakuna cheti.

*Nne, ajira ya mafunzo baada ya chuo*, ile ambayo Watanzania huiita utarajali. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wake wa miezi 12 kwa wahitimu, wenye posho. Nafasi hutangazwa hadharani na kuomba ni bure.

Anayesimamia mafunzo viwandani ni NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kudai fidia ya gharama za mafunzo aliyoyagharamia kwa kufuata taratibu za NITA. Mwenye biashara ndogo Kitale anayetoa hela hizo mwaka hadi mwaka bila kudai chochote anapaswa kulijua jambo hili. Mwanafunzi anayemwendea kuomba nafasi anaweza kumkumbusha kwa adabu.

Ujuzi bila cheti, na njia ya kuupatia cheti

Tuseme kijana mmoja wa Suam, wa kufikirika tu, amefanya kazi gereji miaka sita. Anafungua injini ya lori usiku na asubuhi gari linaondoka. Kampuni ya barabara inakuja kutafuta makanika, naye anaambiwa alete cheti. Hana. Kazi inachukuliwa na mtu aliyetoka mbali mwenye karatasi na mkono mchanga.

Njia mbili ziko wazi kwake. Ya kwanza ni mtihani wa ufundi wa NITA, ambao una gredi tatu: huanza na Gredi ya Tatu, kisha ya Pili, kisha ya Kwanza. Mtahiniwa hupimwa kwa vitendo mbele ya mkaguzi. Hahitaji kuwa amekaa darasani miaka miwili. Anahitaji kuijua kazi.

Ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao wengi wanaujua kwa herufi RPL. Unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Fundi hujiandikisha katika kituo kilichoidhinishwa, hukusanya ushahidi wa kazi zake kama vile picha, risiti na barua za wateja, hufanyiwa tathmini, kisha hupewa cheti cha ngazi anayostahili. Mfumo wa Kenya una ngazi kumi: diploma iko ngazi ya 6 na shahada ngazi ya 7. Fundi akishaingia kwenye ngazi anaweza kupanda.

Majirani zetu wana njia zao. Ng'ambo ya mto, Uganda ilitunga sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 2008, na chini yake wafanyakazi wasio na cheti cha shule wakawa wanaweza kupimwa na kupewa hati inayoorodhesha kazi moja moja wanazozimudu. Tanzania hufanya hivyo kupitia VETA, na huko huitwa urasimishaji wa ujuzi. Kijana wa Suam anayevuka daraja kufanya kazi ya ujenzi Bukwo afahamu kwamba karatasi hizi zipo pande zote, na kwamba ni vyema kuuliza ni ipi itakayotambuliwa na mwajiri anayemlenga.

Mifano miwili ya mlango wa kazi mpakani

*Wakala wa forodha.* Huyu ndiye anayeandaa hati za mzigo na kulipa ushuru kwa niaba ya mwenye mali. Kenya na Uganda hutumia sheria moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kwa hivyo anayeijua sheria hiyo Mombasa anaijua Suam na anaijua Kampala. Leseni ya wakala hutolewa na mamlaka ya mapato na huisha Desemba 31 kila mwaka. Kwa anayetaka kuingia kuna kozi inayotambuliwa kote Afrika Mashariki, EACFFPC, na miongoni mwa vyuo vinavyoifundisha ni chuo cha KRA, yaani KESRA, ambacho kina kampasi Mombasa. Hapa Pwani tuna deni kwa vijana wa Suam: kampuni nyingi za forodha zina mizizi Mombasa, na mwanafunzi mmoja kutoka mpakani akikaribishwa miezi mitatu katika ofisi ya Kilindini atarudi kwao na ujuzi ambao huko ni adimu.

Kuna pia kazi ndogo iliyo jirani na hii. Wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 wana utaratibu wao mwepesi wa hati ndani ya Jumuiya. Akina mama wengi hawaujui, na hilo huwafanya wapite njia za panya na kupoteza mali. Kijana anayeweza kuwajazia fomu kwa haki na kwa ada ndogo amepata kazi, na amewaokoa wengine.

*Mpimaji wa nafaka.* Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, likiwemo la kuwa na hati inayoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa wafanyabiashara wa mpakani lilikuwa pigo. Kwa mshauri wa taaluma mwenye macho lilikuwa tangazo la kazi. Tangu hapo anayejua kukausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13.5, kuyapima na kuyahifadhi ana soko. Masomo yanayomfikisha huko ni ya sayansi na kilimo, na mahali pa kuyatazama kwa vitendo ni Kitale: kwenye maghala ya nafaka, kwenye vituo vya mbegu na kwa wakaguzi wa mimea.

Onyo kutoka Webuye

Ushauri wa taaluma ukimwelekeza kijana kwa mwajiri mmoja tu ni hatari. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, kilikuwa uhai wa mji tangu miaka ya 1970. Mwaka 2009 kilisimamisha kazi, na baadaye kikauzwa. Familia zilizopanga maisha yao kwa king'ora cha kiwanda zilijikuta bila mwelekeo. Nzoia Sugar nayo imepita misukosuko mirefu hadi ikakodishwa kwa mwekezaji mwaka 2025.

Waliookoka haraka walikuwa na ujuzi unaobebeka: fundi wa umeme, fundi wa mitambo, mchomeleaji, dereva wa mashine nzito. Waliojua kazi moja ya mashine moja walipata taabu. Kwa hivyo swali la kumuuliza kijana si "unataka kufanya kazi wapi?" pekee. Ni pia "mahali hapo pakifungwa kesho, utaondoka na nini mkononi?"

Vikwazo ambavyo hotuba haiviondoi

*Nauli na chakula.* Mafunzo ya nyanjani mara nyingi hayana malipo. Mwanafunzi wa Suam aliyepata nafasi Kitale atatumia nauli kwenda na kurudi siku tano kwa wiki, au atapanga chumba. Kwa familia ya kibarua, miezi mitatu hiyo ni mzigo kuliko karo.

*Stakabadhi.* Waajiri wengi huomba kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA, bima ya ajali na wakati mwingine cheti cha maadili mema kutoka DCI. Anayezianza stakabadhi hizi siku alipopata nafasi, atakuta nafasi imekwenda.

*Kazi ya chai.* Wapo wanaopelekwa kujifunza uhasibu wakaishia kufagia na kuchemsha chai. Daftari la kila siku likijazwa kwa ukweli, mwalimu mkaguzi ataliona jambo hilo na anaweza kulizungumza na msimamizi.

*Wasichana.* Msichana akiomba nafasi gereji huulizwa kama ataweza, na akiomba ofisini baadhi hukutana na wakubwa wanaotaka "shukrani". Chuo kinachotuma wanafunzi kiwe na mwalimu mmoja wa kupigiwa simu, na namba yake iandikwe kwenye barua ya utambulisho. Mwajiri akiiona anajua kwamba binti huyu ana wenyewe.

*Matapeli.* Kazi inayoanza kwa kuombwa hela za "usajili", "sare" au "kipimo cha afya" kwa simu si kazi. Hapa Pwani tumeliona hilo kwenye safari za Ghuba, na mpakani linajitokeza kwa sura ya ajira za forodha na za mashirika. Uliza ofisini kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Nani afanye nini

Serikali za kaunti haziwezi kusema kwamba jambo hili ni la Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Trans Nzoia na Bungoma zina uwezo wa kutengeneza orodha moja ya mahali pa kujifunza kazi: ofisi za kaunti zenyewe, vyama vya ushirika vya maziwa na kahawa, gereji, hospitali, maghala. Kila mmoja aseme anaweza kupokea wangapi na mwezi gani. Orodha hiyo ibandikwe vyuoni na kwa machifu. Gharama yake ni ndogo, na itamwokoa mwanafunzi kutembea na bahasha mlango hadi mlango.

Vyuo navyo viko. Kitale National Polytechnic iko mjini Kitale. Bungoma kuna Sang'alo, Kisiwa na Matili, na Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopata hati yake mwaka 2015. Vikipanga kalenda zao ili wanafunzi wote wasitoke mwezi mmoja kwenda nyanjani, nafasi zile zile chache zitatosha watu wengi zaidi. Ujerumani hugawanya wiki: mwanagenzi ana mkataba na kampuni, anakaa kazini siku nyingi na shuleni siku moja au mbili. Si lazima tuige kila kitu, ila wazo la kugawanya muda linatufaa.

Shule za Sekondari Msingi zianze na jambo moja: kila mtoto wa Gredi ya 9 awe ametembelea mahali pawili pa kazi kabla ya kuchagua mkondo, pamoja na mzazi kuitwa shuleni kusikiliza. Mzazi akiachwa nje, uamuzi wa shule hubomolewa nyumbani jioni ile ile.

Mafundi wa jua kali nao waandike. Karatasi moja inatosha: jina la mwanagenzi, siku aliyoanza, kazi atakazofundishwa, posho kama ipo, na muda. Siku akitoka apewe barua. Barua hiyo itamsaidia katika RPL kuliko maneno matupu.

Mwisho ni mpango wa NYOTA unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Unawalenga vijana wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa wenye ulemavu, na ndani yake mna mafunzo kazini chini ya mafundi stadi pamoja na kutambua ujuzi. Matangazo yake yakitoka, wazee wa mitaa wayasome kwa sauti katika baraza, kwa sababu si kila kijana ana bando.

La kufanya mwezi huu

Kwa kijana aliyemaliza shule na yuko nyumbani, Suam au Msambweni, hatua ni hizi:

1. Shughulikia kitambulisho na PIN ya KRA kabla ya kutafuta chochote.
2. Andika kazi tano unazoziona kila siku mahali unapoishi. Mbele ya kila moja andika jina la mtu mmoja anayeifanya.
3. Waendee watatu kati yao na uwaulize maswali manne: ulianzaje, ulisomea nini, ulitumia kiasi gani, na ungekuwa mimi leo ungefanya nini?
4. Fungua tovuti ya KUCCPS, mwenyewe au kwenye saiba, uone kozi zinazolingana na alama zako, si zile za ndoto pekee.
5. Kama tayari una ujuzi wa mkono, nenda chuo cha ufundi kilicho karibu uulize kuhusu mtihani wa NITA na RPL. Anza kupiga picha za kazi zako na kuhifadhi risiti leo.
6. Ukipata pa kujifunza, omba barua ya kuingia na barua ya kutoka.

Hatua hizi hazihakikishi kazi, kwa kuwa nafasi bado ni chache na connection bado ipo. Lakini mwenye karatasi, mwenye daftari lililotiwa sahihi na mwenye watu watatu wanaomjua kwa kazi yake hasimami mlangoni sawa na asiye na chochote. Na sisi tulio na ofisi, gereji, duka au shamba, Pwani na huko Elgon, tujiulize kila muhula: ni kijana yupi nimemfungulia mlango mwaka huu?